Tulikwenda Naxos Marafiki, Nusura Turudi Maadui

Kula bethdei kwenye kisiwa cha Ugiriki ni ndoto ya wengi. Sisi tuliitimiza, tukapiga picha za kufa mtu, kisha bili ya chakula cha usiku mmoja ikatuonyesha kama kweli tunajuana.

Mpenzi msomaji, hivi ushawahi kukaa mezani na marafiki zako, mmekula mmeshiba, mmecheka mpaka mbavu zinauma, halafu mhudumu akaja na kile kikaratasi chake, na ghafla kila mtu akawa bize na simu? Kama bado, mshukuru Mungu. Mimi yamenikuta, tena si Sinza wala Mikocheni. Yamenikuta Naxos, Ugiriki, hatua chache kutoka baharini, usiku wa bethdei ya shoga yangu wa tangu shule.

Majina nayaweka kapuni, maana wote wapo na wote wanasoma jarida hili. Mwenye bethdei tumwite Mwali. Ni nesi, anaishi London na mchumba wake, ambaye sisi wote tunamwita Shemeji. Kutoka Dar tulikuwa wanne: Mhasibu, mwanamke anayehesabu mpaka njiti za kiberiti, Mama Pacha, aliyewaacha wanawe kwa bibi yao akalia njia nzima hadi uwanja wa ndege, Kitinda, mdogo wetu, aliyekuwa nyuma yetu madarasa mawili, na mimi. Sisi wanawake watano tulilala bweni moja miaka ya sekondari. Tukigawana sabuni, tukigawana kipande cha mkate. Hilo liweke akilini, utalihitaji huko mbele.

"Sitaki keki, nataka kisiwa"

Ilikuwa Januari. Mwali alituma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mwezi wa tisa natimiza 30. Sitaki keki, nataka kisiwa." Simu zikawaka moto. Mama Pacha akauliza kwani Zanzibar imehama, akazomewa. Wa kwanza kuandika "nipo" alikuwa Kitinda.

Mwanzoni Mwali alitaka Santorini au Mykonos, kama zile za kwenye picha. Tulipoziona bei, tukanyamaza. Mhasibu ndiye aliyechimba akaibuka na Naxos. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Cyclades, ingawa kwa kweli Unguja inakizidi zaidi ya mara tatu. Kina watu kama 20,000, kina mashamba yake, mifugo yake, jibini yake na viazi ambavyo Ugiriki nzima inavisifia. Kwa hiyo si kila tonge linakuja kwa meli, na kwa kawaida mfuko wako unapumua kuliko kwenye vile visiwa viwili vya mastaa. Septemba nayo ni mwezi mzuri: maji ya bahari bado yana joto, umati wa Agosti umeshaondoka, na ule upepo mkali wa kiangazi wanaouita meltemi umeanza kupoa.

Mwezi wa tano tukakata tiketi za ndege, zile za bei nafuu zisizorudishwa hela. Viza tukahangaikia kila mtu kivyake. Hata Mwali, pamoja na kibali chake cha kuishi Uingereza, aliomba viza kama sisi, maana kibali hicho hakimwingizi mwenye pasipoti ya Tanzania katika nchi za Schengen. Mwezi wa nane wote tukawa tumepata. Kundi likahamia kwenye mambo ya nguo: siku ya kwanza nyeupe, siku ya pili njano, siku ya bethdei buluu. Kitinda alikuwa amepunguza kuandika. Nani angeona? Tulikuwa tunachagua viatu.

Mlango usio na nyumba

Tulikutana Athens, tukalala usiku mmoja, asubuhi tukapanda meli bandari ya Piraeus. Ukizoea boti ya Dar kwenda Zanzibar ya saa mbili hivi, jiandae: meli kubwa ya kawaida kwenda Naxos inachukua saa tano na zaidi, na inapita kisiwa cha Paros kwanza. Lakini ni raha. Unakaa juu, unakunywa kahawa ya barafu, visiwa vinapita kimoja kimoja vikiwa vikavu na vyenye nyumba nyeupe.

Kitu cha kwanza unachokiona ukikaribia Naxos ni mlango. Ndiyo, mlango mtupu wa marumaru, umesimama peke yake kwenye kijisiwa kidogo mbele ya mji, bila ukuta wala paa. Wanauita Portara. Ulianza kujengwa mnamo mwaka 530 Kabla ya Kristo, uwe mlango wa hekalu, na hekalu halikumalizika. Una urefu wa kama mita sita. Kijisiwa hicho kimeunganishwa na mji kwa njia ya mawe, na jioni watu wote huenda pale kuangalia jua likizama.

Na sisi tukaenda, na nguo zetu nyeupe. Shemeji akatusomea hadithi ya pale kutoka kwenye simu yake. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Ariadne, binti wa mfalme wa Krete, alimpenda kijana aitwaye Theseus, akamwokoa kifo kwa kumpa uzi wa kumtoa kwenye nyumba ya vichochoro visivyo na mwisho. Wakatoroka pamoja. Walipofika Naxos, binti akalala. Alipoamka, jamaa alishang'oa nanga. Baadaye mungu wao wa divai, Dionysus, akamkuta na kumwoa.

"Wanaume!" tukapiga kelele wote, Shemeji akajificha nyuma ya mlango. Kitinda peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia meli inayoondoka.

Dalili tulizozipuuza

Tulipanga fleti ya vyumba vitatu karibu na ufukwe wa Agios Georgios, mahali unapotembea kwa miguu hadi mjini. Mji wenyewe, Chora, una sehemu ya juu waliyoijenga Waveneti kuanzia karne ya 13. Vichochoro vyake vinakukumbusha Mji Mkongwe au Lamu: vyembamba, vinakata kona, unapotea na huogopi.

Siku ya pili tulikwenda Agios Prokopios na Plaka, fukwe ndefu zenye mchanga na maji unayoona vidole vyako ndani yake. Tukakodi viti na miavuli. Kitinda akasema yeye anapenda kukaa kwenye khanga yake mchangani. Mchana tukaagiza pweza wa kuchoma. Yeye akasema kashiba chai ya asubuhi. Jioni tulipokwenda kula, kichwa kilimuuma, akabaki fleti. Asubuhi yake tulipopanga kukodi mashua, akasema mawimbi yanamchefua. Huyu ni msichana aliyekulia Tanga, jamani, tangu lini bahari ikamchefua?

Mwali alianza kukasirika. Tukiwa jikoni akaninong'oneza: "Dada, huyu mtoto ana nini? Nimemsubiri mwaka mzima, kaja kuninunia kwenye bethdei yangu."

Mhasibu naye akatoa hukumu: "Kijicho tu. Mwenzake kapata mchumba, yeye bado."

Nami, mpenzi msomaji, nilikaa kimya. Sikuwa na jibu, lakini swali ningeweza kumuuliza Kitinda mwenyewe. Sikuuliza. Nilikuwa likizo.

Usiku wa bili

Siku ya bethdei tulivaa buluu tukaenda kwenye mgahawa mmoja wa kifamilia. Meza ilijaa: pweza, samaki wa kuchoma, jibini ya kukaanga, divai. Kitinda aliagiza mboga za majani zilizochemshwa, wanaziita horta, kama mchicha wetu na limao na mafuta ya zeituni juu. Na maji. Tukaimba, Mwali akalia kidogo, picha zikapigwa mpaka simu zikazima.

Bili ikaja: euro 240. Utaratibu wetu wa Bongo unaujua: mwenye bethdei halipi. Mhasibu akatoa hesabu kabla hata hajaishika ile karatasi: "Tugawe kwa watano. Arobaini na nane kila mtu." Zaidi ya shilingi laki moja, kwa sahani ya mchicha.

Kitinda hakubisha. Alitoa kadi yake. Mhudumu akaichomeka, akaichomoa, akaichomeka tena. Imekataliwa. Akajaribu mara ya tatu, kwa upole, akijifanya mashine ndiyo mbovu. Meza nzima ikanyamaza.

Ndipo Mwali akasema neno ambalo najua angelipa chochote alirudishe mdomoni: "Kama ulikuwa huna hela si ungesema tu? Ona sasa unavyotuaibisha."

Kitinda akainuka, akaomba radhi kwa heshima zote, akatoka. Shemeji hakusema kitu. Alilipa bili yote kwa kadi yake, tukarudi fleti tumenyamaza kama tunatoka msibani.

Kwenye njia ya mawe

Fleti hakuwepo. Mimi na Mama Pacha tukarudi mjini kumtafuta. Tulimkuta kwenye ile njia ya mawe inayokwenda Portara, amekaa, amejifunika khanga, upepo unampiga.

Mama Pacha hakumuuliza kitu. Alikaa pembeni yake, akampakata kama anavyopakata wanawe. Baada ya muda yakatoka yote. Kazini kwake mkataba uliisha mwezi wa sita, haukuongezwa. Tiketi ilishalipwa mwezi mmoja kabla, na hairudishwi. Kulipia sehemu yake ya fleti na kupata hela ya mkononi, alichukua shilingi milioni mbili kwa wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, riba inahesabiwa kila wiki. Wiki ile ya bethdei walikuwa wameshampigia simu mama yake.

"Kwa nini hukutuambia, mdogo wangu?" nikamuuliza.

"Ningewaambia wapi, dada? Kila nikifungua kundi, mnaongelea nguo. Nikawa naandika, nafuta. Naandika, nafuta. Nikaona nikisema sina, mtasema basi usije, tutakutumia picha." Akajifuta macho na pindo la khanga. "Niliogopa kuachwa."

Mama Pacha akaniangalia. Wote wawili tulijua ni kweli. Ndivyo tungesema, tena kwa upendo kabisa, na kikaragosi cha moyo juu yake.

"Nani alikuwa na bethdei?"

Asubuhi Mama Pacha akakumbuka kwamba ameacha mtandio wake mgahawani. Tukaenda naye mimi, Mwali na Shemeji. Mwali alikuwa na macho mekundu. Nilishamweleza yote usiku uleule, naye hakuwa amelala.

Mama mwenye mgahawa alikuwa ameukunja mtandio vizuri. Akatukalisha kwa lazima, akaleta visahani vya matunda yaliyopikwa kwa sukari, yale wanayoyala kwa kijiko pamoja na maji baridi. Kisha akamshika Shemeji mkono, akamwambia kwa furaha: "Chronia polla!" Maana yake miaka mingi, ndiyo salamu yao ya bethdei na sikukuu.

Shemeji akacheka, akamwonyesha Mwali: "Si mimi mama, ni huyu."

Yule mama akashangaa. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akauliza: kama ni huyu, mbona ulilipa wewe? Akatueleza kwamba kwao mwenye siku yake ndiye anayewakirimu wengine. Ananunua keki ya kupeleka kazini, anawalipia rafiki zake vinywaji, anakaribisha watu nyumbani. Kukirimu huko wana neno lake, kerasma. Na si bethdei tu: kwa desturi, Wagiriki wengi husherehekea zaidi siku ya mtakatifu ambaye wamepewa jina lake, na siku hiyo pia mwenye jina ndiye anayetoa. Kwa hiyo alipoona Shemeji kalipia meza nzima, hakuwa na shaka bethdei ni ya nani.

Mama Pacha alicheka. Mwali hakucheka. Aliangalia kile kisahani cha matunda kwa muda, akakimaliza, akasema, "Twendeni."

Njiani akaingia kwenye duka la mikate. Tulipofika fleti alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Kitinda na ule mkate wa moto. Sikusikiliza mlangoni, ila kuta za pale ni nyembamba. Nilisikia, "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikuona huli, na sikukuuliza." Kisha kimya kirefu, kisha mtu akapenga kamasi, kisha wakacheka.

Chipsi mayai ya Naxos

Siku mbili zilizobaki hazikuwa na ratiba ya rangi. Tulipanda basi la kawaida hadi Halki, kijiji cha ndani kwenye mashamba ya mizeituni, ambako wanatengeneza kitron, kileo cha majani ya mti wa jamii ya ndimu. Tukaonja, Mama Pacha akakohoa mpaka watu wakageuka. Tulipoangalia mlima Zas, ambao ni mrefu kuliko yote katika visiwa vya Cyclades, kama mita 1,000, Mhasibu akasema hata Uluguru inaucheka. Tulirudi na viazi, mayai na kipande cha jibini ya Naxos, ile ngumu wanayoiita graviera.

Jioni Mwali akajifunga khanga kiunoni, akatufukuza jikoni. "Leo mwenye bethdei anakirimu." Akapika chipsi mayai, zege halisi, kwa viazi vya Naxos. Tukala kwenye kibaraza kwa mikono. Kitinda alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Mpaka leo nasema hakuna chakula tulichokula safari ile kilichoshinda kile.

Palepale mezani tukaanzisha mchezo, ule wa kuchangiana kila mwezi. Laki tano kila mtu, zamu ya kwanza ya Kitinda ili awalipe kausha damu, naye ataanza kuchanga akipata kazi. Mhasibu akauandika wote kwenye karatasi iliyofunga jibini, tukatia saini.

Sitaki nikudanganye kwamba yaliisha kama filamu. Mhasibu alichukua muda kusamehe. Aliniambia waziwazi kwamba kilichomuuma si hela, ni kudanganywa kwamba kichwa kinauma. Kitinda naye alikaa miezi kadhaa bila kuandika kitu kwenye kundi. Lakini deni lilikwisha, kazi ya muda akapata mwezi wa kumi na moja, na mchango wake wa kwanza aliutuma kabla ya sisi wengine. Mhasibu akamjibu kwa neno moja: "Nimepokea." Kwa wanaomjua, hiyo ni barua ya mapenzi.

Kabla hamjakata tiketi

• Ongeleeni hela kwanza, nguo baadaye. Kila mtu amtumie mratibu mmoja, faraghani, kiasi anachokimudu bila kukopa. Bajeti ya kundi iwe ile ya chini kabisa. Kama mwenye kipato kikubwa anataka mashua, aikodi yeye awakaribishe wenzake.

• Bili ya mgahawa: ama kila mtu alipe alichokula, ama mkubaliane kabla ya kukaa. Kugawa sawa kunampendeza aliyekula pweza, si aliyekula mchicha.

• Mwenye bethdei, wewe ndiye uliyechagua mahali. Angalau chakula kimoja kiwe juu yako, hata kama ni chipsi mayai.

• Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na unatakiwa kuwa na bima ya safari ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Hesabu hizo mweleze kila mtu mapema.

• Rafiki akipata dharura, msimwambie tu "basi usije". Muulizeni: "Tufanyeje ili uje?" Jibu likiwa hapana, iwe hapana yake mwenyewe.

• Na wewe uliyeishiwa, sema. Najua ni ngumu. Andika, usifute.

Bethdei inayofuata ni ya Kitinda, Aprili. Ameshatangaza mwenyewe kwenye kundi: Pangani, siku moja, kila mtu aje na hela ya basi tu. Pweza ni juu yake.